Karatasi Tisini na Tano

9 Novemba

Babu,

Shikamoo. Huku tumeamka wote na kila mtu yuko kwenye shughuli zake. Mama bado anafua mashuka ya hospitali, ila wamemhamishia zamu ya asubuhi na mgongo wake umeacha kulalamika. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa akisalimia wageni anapiga mluzi. Anakusalimu, kwa mluzi huohuo. Mama anasema simu uliyonunuliwa umeifungia sandukuni, kwa hiyo nakuandikia.

Nimechaguliwa sekondari. Tulipokwenda kujiandikisha, kila mmoja alipewa kitabu cha kusoma likizo hii ndefu, na daftari. Kila siku unaandika tarehe, karatasi ulizosoma, na ulichofikiri. Tarehe 14 Januari, siku ya kufungua, mwalimu wa fasihi anakusanya vyote viwili. Tunamwita Miwani. Alisema mwenyewe, bila kupandisha sauti, kwamba asiyeleta daftari lililojaa na kitabu kizima haazimi kitabu maktaba mwaka mzima. Babu, maktaba yao ina makabati kuta zote nne. Shule yetu ya msingi ilikuwa na rafu moja na niliimaliza nikiwa darasa la tano.

Shida ni kitabu nilichopewa. Gundi imekufa, karatasi zote zimeachana. Panya waliwahi kula pembe za chini, kwa hiyo namba za kurasa hazipo. Hakina sura, ni hadithi moja kwa moja, ya kinyozi na dada yake. Maji kidogo pia yamekigusa. Kilinifikia hivyohivyo.

Nimekifunga kwa kamba nikakitia kwenye bahasha hii. Naomba ukijalidi.

Mjukuu wako


21 Novemba

Marahaba, Bibi Maswali.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno, siku tatu. Fundi viatu wa mlango wa pili alijipendekeza anisomee, nikamwambia shika soli zako. Mtu aliyejalidi vitabu miaka arobaini na moja atasomewa na mtu wa visigino? Afya yangu ni chuma. Goti la kushoto husema maneno asubuhi, mimi silijibu. Kuku amebaki mmoja, naye ni mkaidi, tunaelewana. Simu ni ya watu wenye haraka.

Hongera ya sekondari. Akili hizo usidhani umeziokota barabarani. Ni zangu, mama yako alizipitisha tu.

Sasa kazi. Nimejalidi vitabu vya mahakama, vile ambavyo ukimwangushia mtu unashtakiwa kwa kitabu hichohicho. Nimejalidi kamusi mpaka nikaota herufi. Hicho chako ni kifaranga. Nilikitandaza mezani nikakitazama kutwa bila kukigusa, maana fundi hutazama kwanza, mwanagenzi ndiye hushika. Namba hakuna, sawa. Lakini maji yaliingia juu yakateremka. Karatasi moja ina doa kubwa kama sahani, inayofuata dogo kidogo, hivyo hivyo mpaka ya mwisho, doa kama punje ya mtama. Nikazipanga kwa doa. Doa halikwenda shule lakini halidanganyi. Mwingine angehangaika wiki nzima. Mimi, chai haikupoa.

Nimetoboa matundu tisa, nimeshona kwa uzi wa nta, nimebana kwenye shinikizo siku mbili. Jalada ni kitambaa cha suruali yangu ya kazi, ile ya mwisho. Kwa hiyo ukitembea nacho, tembea kwa adabu.

Karatasi nimezihesabu. Ni tisini na tano. Naandika hapa ili ujue nimehesabu. Tazama chini ya kitanda kama kuna kilichobaki.

Babu yako, Fundi


4 Desemba

Babu,

Shikamoo. Kitabu kimefika. Mama alikishika akakivuta huku na huku kama anavyojaribu mashuka, akasema hiki hakitoki. Ameitambua suruali. Mdogo wangu ameanza kuota jino moja, mluzi umebadilika sauti. Jirani yetu wa juu amehama, na aliyehamia ana cherehani inayokwenda kutwa, kwa hiyo nasomea jikoni.

Chini ya kitanda nimetazama. Hakuna kilichobaki.

Nimeanza daftari. Nakunakilia kidogo uone linavyokwenda.

"Tarehe 28. Karatasi sita. Kinyozi anazikwa. Watu wote wanalia, dada yake halii. Nadhani mwandishi ameanza na mwisho ili tusubiri kujua sababu."

"Tarehe 30. Karatasi tano. Kinyozi yuko dukani ananyoa. Nimerudi nyuma kuhakikisha kama ni yeye. Ni yeye."

"Tarehe 2. Karatasi sita. Mlango wa duka umeungua. Halafu wanaupaka rangi ya buluu. Halafu fundi seremala anakuja kuuliza mlango uwe wa upana gani."

Ni kigumu kidogo, lakini watu wanasema vitabu vya sekondari ndivyo vilivyo.

Mjukuu wako


15 Desemba

Bibi Maswali,

Marahaba. Hapa kumenyesha siku nne, paa limevuja sehemu mbili, nimeliziba sehemu tatu kwa tahadhari. Fundi viatu ameniambia nikapimwe macho. Nikamwomba sindano yake ndogo kabisa, nikatia uzi mbele yake. Sikumwambia nilijaribu mara ngapi.

Barua yako nimeisoma kwa siku mbili tu, mwandiko wako unatengenea.

Kuhusu huyo kinyozi. Mtu azikwe halafu aende kazini? Hata mimi, na ninavyosifika kwa bidii, siwezi kuahidi. Labda ni ndugu yake. Labda mwandishi alikuwa mlevi. Waandishi niliwaona kiwandani nilikokuwa nikijalidi, wanakuja na mashati hayana vifungo, wanauliza kitabu kitatoka lini kama wanauliza mtoto yuko wapi. Chochote kinawezekana. Ila mpangilio usiuguse. Doa ni doa.

Na huyo dada kwa nini halii? Ukifika hapo niandikie. Si kwamba nafuatilia, ni kwamba mtu akianza kusimulia amalize.

Babu yako, Fundi


27 Desemba

Babu,

Shikamoo. Huku mama alipata homa siku mbili, sasa amerudi kazini. Tumekula vizuri na tumelala vizuri. Mwenye cherehani amemshonea mdogo wangu kaptura kwa kitambaa kilichobaki, bure, ili asipige mluzi karibu na dirisha lake.

Kitabu nimekimaliza. Sijui kwa nini dada halii. Ninachojua ni kwamba duka lilikuwa la baba yao, liliungua, wakalijenga upya pamoja, na siku moja dada akalifunga kwa kufuli na hakumsemesha kaka yake tena. Sababu sikuiona. Karatasi ya mwisho kabisa, kinyozi anakung'uta shuka la kunyolea, anatazama watu waliokaa kwenye benchi, anauliza, "Nani anafuata?" Hapo pakaisha. Mimi nilipapenda.

Nilikutana na Miwani kwenye foleni ya posta. Akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia nimemaliza. Akaniuliza mwanzo umeuonaje, kinyozi alipokuwa mtoto na baba yake anamfundisha kunoa wembe. Akasema anakipenda kitabu hicho kwa sababu kimenyooka, kinaanza utotoni kinaishia kaburini.

Nilimwambia ndiyo.

Sisemi kitu babu. Nakueleza tu nilichokisikia kwenye foleni.

Mjukuu wako


3 Januari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nafurahi mama yako amepona.

Huyo Miwani amejalidi vitabu vingapi maishani mwake? Muulize. Mtu hushika kitabu kilichokwisha kushonwa, anakifungua, anadhani kilizaliwa hivyo.

Kilete. Nataka kutazama uzi. Unyevu wa mwezi huu si mzuri kwa nta.

Babu yako, Fundi


8 Januari

Babu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama ananishangaa. Anasema shule inafunguliwa baada ya siku sita na mimi napeleka kitabu posta, je, nimerogwa na uvivu? Nimemwambia babu anataka kutazama uzi. Akasema, "Uzi!" kisha akaenda kuanika nguo.

Kitabu hiki hapa. Daftari ninabaki nalo, limejaa mpaka jalada la ndani.

Mjukuu wako


16 Januari

Babu,

Shikamoo. Bado sijapata jibu lako lakini nakuandikia yaliyotokea ili usiyasikie kwa mama.

Tumefungua. Darasa letu liko ghorofa ya pili, dawati langu la pembeni, nakaa na binti wa mwokaji mikate, begi lake lote linanukia hamira. Tulipanga foleni kukabidhi. Nilipofika mbele nilikabidhi daftari peke yake. Miwani akauliza kitabu kiko wapi, nikasema kiko kwa fundi. Mtu wa nyuma yangu akasema, "Kitabu au pikipiki?" Wakacheka wote. Miwani hakucheka, aliandika jina langu upande wa pili wa orodha. Upande huo niko peke yangu.

Jioni aliniita. Alikuwa amelisoma daftari. Akaniambia, "Kinyozi wako amefufuka mara mbili, na moto umewaka baada ya kuzimwa. Uliona hivyo hukushangaa?" Nikasema nilishangaa, lakini nilidhani ni mimi nisiyeelewa. Amenipa mpaka mwisho wa Februari. Kikija kizima, jina langu litavuka. Kisipokuja, maktaba nitaitazama kwa dirisha.

Sijakwambia haya ili ufanye haraka.

Mjukuu wako


2 Februari

Bibi Maswali,

Marahaba ya barua mbili. Kuku yupo. Goti lipo.

Nimekifumua kitabu. Miaka arobaini na moja sijawahi kufumua kazi yangu mwenyewe. Uzi ulikataa, nikautia wembe. Mwambie Miwani haukukatika wenyewe.

Sasa nakwambia jambo, mama yako asilisikie. Herufi nazijua kama ninavyowajua watu wa mtaa huu. Nikikutana nao nawatambua, nawapa salamu, lakini kwao sijawahi kuingia nikakaa. Kiwandani haikuhitajika. Karatasi zilikuja zimekunjwa, zina alama mgongoni, unapanga alama, unashona. Bwana mkubwa alikuwa akisema fundi akianza kusoma, kazi inalala. Nami nikaona ni sifa. Hicho chako nilikipanga kwa doa tu. Sikusoma mstari hata mmoja.

Safari hii nimesoma. Nimeweka daftari kama mlivyoagizwa, maana kama watoto wanaweza, mimi ni nani nishindwe.

Tarehe 15. Karatasi tatu. Nasoma mstari wa chini kabisa, natafuta mstari wa juu unaoupokea. "Akafungua." Akafungua nini? Nimetafuta mpaka kuku akaingia ndani. Akafungua duka.

Tarehe 18. Karatasi sita. Fundi viatu alichungulia dirishani. Nikamwambia napima unene.

Tarehe 21. Karatasi tano. Nilipaswa kusoma mstari wa juu na wa chini tu. Nimejikuta katikati. Huyu dada ana kichwa kigumu. Mtu wa maana.

Tarehe 24. Karatasi mbili. Macho.

Tarehe 26. Karatasi tisa. Nimevaa miwani ya fundi viatu. Ni ya kuazima, usifurahi.

Tarehe 29. Karatasi kumi na moja. Duka limeungua. Chai imepoa.

Tarehe 1. Kinyozi amezikwa. Ulipoandika Desemba nilicheka. Sasa namjua.

Haya. Sasa sikiliza. Kiwandani karatasi kubwa hukunjwa mara tatu, ukikata unapata nane. Kwa hiyo kitabu huenda nane, nane, nane. Hakuna kitabu cha karatasi tisini na tano. Kuna cha tisini na sita. Nilijua tangu Novemba, ndiyo maana nilikuandikia hesabu nikakwambia utazame. Ukasema hakuna. Nikasema haya, atasema.

Na doa nimelihoji upya. Karatasi zinazofuatana kwa doa hazifuatani kwa hadithi. Basi zilikuwa zimekwisha kuvurugika kabla ya maji. Maji hayavurugi karatasi, yanalowesha tu. Kinachovuruga ni mkono. Kwa hiyo doa halikudanganya, lilisema vizuri kabisa karatasi zililalaje siku ile. Ni mimi niliyeliuliza lisilolihusu.

Baada ya karatasi ya sitini pana shimo. Dada amesimama mlangoni, anamwambia kinyozi, "Una neno unataka kuniambia?" Ukigeuza, kufuli limekwisha kufungwa.

Iko wapi?

Babu yako, Fundi


8 Februari

Babu,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo. Barua yako sikumsomea mama kama ninavyofanya siku zote. Nilimwambia unasalimu.

Kitabu nilipopewa karatasi zilikuwa zimeachana, hilo kweli, lakini zilikuwa zimepangwa. Mama alikuwa amenikataza kusoma wakati wa kuosha vyombo. Nilikiweka juu ya kigoda karibu na beseni, nasoma, naosha. Nikakipiga na kiwiko. Zikatawanyika jikoni kote, chini ya meza, mpaka mlangoni. Nikasikia mama anavua viatu nje. Nikazizoa haraka haraka bila kutazama, nikazirundika tena juu ya kigoda, na mkono wangu ukagonga sufuria ya maji, yakazimwagikia. Moja ilikuwa imeingia kwenye beseni tangu mwanzo. Nilipoitoa ilikuwa kama uji. Niliianika nyuma ya kabati siku mbili. Haikusomeka.

Nilisema kilinifikia hivyo kwa sababu wewe huwa unasema mtu asiyejua kushika kitabu asipewe. Niliogopa utasema hivyo kwa mama, na mama atasema hivyo shuleni. Baadaye ulipoandika kuhusu doa nilijua papo hapo kwamba si kweli, lakini ningesema doa linadanganya ningelazimika kusema kwa nini. Nikakisoma hivyohivyo. Likizo nzima, babu. Kila siku naandika nilichofikiri, na nilichofikiri hasa sikukiandika.

Binti wa mwokaji ameazima maktaba kitabu kama changu, kizima. Nimeinakili karatasi iliyokosekana, mbele na nyuma, kwa kalamu nyeusi. Nimeitia humu. Kumbe hapo ndipo kinyozi anapomwambia dada yake kwamba siku ya moto yeye ndiye aliyeliacha jiko likiwaka.

Naomba radhi.

Mjukuu wako


13 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku kwema.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Karatasi huzoleka. Kosa ni kuzizoa kwa haraka.

Nakurudishia hii. Umeandika mpaka ukingoni kabisa. Nishone wapi, juu ya herufi? Nikitoboa hapo kinyozi atasema nusu ya alichosema. Upande wa mgongo acha nafasi ya vidole viwili. Andika upya. Na karatasi iwe nene, hii ya daftari ni ya kufungia karanga.

Babu yako, Fundi


18 Februari

Babu,

Shikamoo. Sote wazima, na jino la pili limeota.

Hukusema vidole vyako au vyangu. Mama anasema alipokuwa mdogo ulimpimia kitambaa kwa vidole vyako, kwa hiyo nimemwomba anioneshe. Ilibidi nimweleze kwa nini. Nimemweleza siri yangu yote, yako sikuigusa. Hakunigombeza. Alikunja mashuka matatu, akasema, "Na beseni langu ulilirudisha mahali pake?" Kisha akaenda akaniletea karatasi nene aliyopewa hospitalini, ile ya kuandikia majina ya vitanda.

Hii hapa. Nimeandika pole pole. Zimebaki siku kumi.

Mjukuu wako


23 Februari

Bibi Maswali,

Marahaba. Vidole vya mama yako ni vyangu, kipimo kimekaa.

Kitabu hiki hapa. Karatasi tisini na sita, nane mara kumi na mbili. Yako ni ya sitini na moja, nimeisugua pembe kwa msasa ili isitokeze kama mgeni. Matundu ni yaleyale tisa, uzi mpya, suruali ileile. Wakikivuta kwa ng'ombe wawili, ng'ombe ndio watakaoachana.

Karatasi yako nimeisoma kabla ya kuishona. Nimeisoma mara nne, na si kwa sababu ya macho. Mjinga sana yule kinyozi. Angesema siku ileile duka lilipoungua, kitabu kizima kingekuwa karatasi nane.

Fundi viatu nimemrudishia miwani. Jumatatu nakwenda kupimwa. Napita tu, kuna shughuli nyingine upande ule.

Babu yako, Fundi


4 Machi

Babu,

Shikamoo. Tuko salama. Mama anasema ukimaliza kupimwa uniandikie walichosema, siyo unachotaka wawe wamesema.

Kitabu kilifika tarehe 28, mchana. Nilikimbia nacho shuleni na sare bado mbichi. Miwani alikifungua, akakivuta kidogo, akakitazama mgongo. Akafunua moja moja. Alipofika kwenye mwandiko wangu akasimama, akausoma wote. Akauliza nani ameshona. Nikasema babu. Akauliza suruali ya nani. Nikasema ya huyohuyo.

Kisha akaenda ofisini kwa mtunza maktaba, wakakaa muda. Aliporudi aliniambia sheria inasema kitabu kizima, na kitabu chenye karatasi ya mkono hakiwezi kurudi kabatini. Wamekifuta kwenye orodha, wakakigongea mhuri kwamba si mali ya shule. Jina langu halikuvuka. Sitaazima kitabu mwaka huu.

Sikulia. Nilikuwa naenda mlangoni akaniita. Akasema sheria inakataza kuazima, kuhusu kukaa humo na kusoma haina neno. Maktaba inafunguliwa wakati wa chakula cha mchana. Nimekwenda siku nne sasa. Kabati la kwanza, rafu ya juu. Nakula nikirudi.

Daftari amenirudishia. Hakunipa alama. Chini ya ukurasa wa mwisho ameandika, "Umesoma kitabu ambacho hakuna mwingine amekisoma."

Kitabu nakurudishia wewe. Ni chako, umekitolea suruali.

Mjukuu wako


19 Machi

Bibi Maswali,

Marahaba. Macho wamesema ni mazima kwa umri wangu, na wamenipa miwani. Mweleze mama yako sehemu zote mbili.

Kitabu kimefika. Vimepita mikononi mwangu maelfu na sikuwahi kubaki na kimoja, kwa hiyo sikujua pa kukiweka. Kwanza nilikiweka kwenye shinikizo kwa mazoea. Sasa kiko mezani.

Nimekifumua tena. Usipige kelele, hakina mwenyewe mwingine, mhuri umesema. Mpangilio wa Miwani nimeusoma mpaka mwisho, umenyooka, sibishi. Lakini nimekirudisha kwenye mpangilio wa doa nikakishona. Ikabaki karatasi yako. Doa lake liko wapi? Nikafikiri siku nzima. Kwa sheria ya doa, iliyolowa zaidi ndiyo ya kwanza, na hakuna iliyolowa kuliko ile iliyozama kwenye beseni. Basi ya kwanza ni yako.

Kwa hiyo kitabu changu kinaanza kwa mwandiko wako, mtu anasema alichofanya. Halafu anazikwa. Halafu moto, halafu mlango wa buluu, halafu seremala. Na mwisho amesimama dukani, mzima, anakung'uta shuka, anauliza nani anafuata.

Mwambie Miwani nimeijaribu mipangilio yote miwili. Wangu ni bora.

Babu yako, Fundi